Kadi ya Majina Manne

Nyumbani kwetu asubuhi ilianza kwa cherehani. Kabla sijafumbua macho vizuri nilisikia miguu ya Mama ikikanyaga, trrr, kisha kimya kifupi cha kugeuza kitambaa, kisha trrr tena. Wakati huo Baba alikuwa keshaondoka zamani. Yeye ni mwokaji mikate, na tanuri halimsubiri mtu aliyelala. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kumwamsha mdogo wangu. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Alikuwa na miaka mitano tu, lakini kwa maswali yake alikuwa amekwisha kuwashinda watu wazima wote waliowahi kukaa naye benchi moja.

Tulikuwa pia na mbwa jike, Askari. Baba ndiye aliyempa jina hilo, akitumaini litamfundisha kazi. Halikumfundisha kitu. Mgeni akipiga hodi, Askari alimpokea kwa mkia, akamsindikiza hadi ndani, kisha akarudi kulala. Baba alikuwa akisema kwamba siku mwizi akija, Askari atamshikia taa.

Askari alizaa watoto watatu ndani ya kapu la nguo za wateja, juu ya koti la mwalimu mkuu lililokuwa likisubiri bitana mpya, kitambaa cha ndani. Mama alishika kiuno, akatazama, akatikisa kichwa.

“Haya,” alisema, “mwalimu mkuu kapata wajukuu.”

Majina tuliyatafuta mimi na Profesa, tukagombana siku mbili nzima. Mama akatuamulia: kwa kuwa wamezaliwa kwa fundi, waitwe majina ya kifundi. Wa kwanza hakuwa na shida. Alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi juu ya jicho, tukamwita Kiraka. Wawili waliobaki walikuwa kahawia, kifua cheupe, ncha ya mkia nyeupe, kama vifungo viwili vya shati moja. Mmoja tukamwita Zipu kwa sababu mdomo wake haukukaa umefungwa. Mwingine tukamwita Pindo, kwa kuwa alipenda kujikunja miguuni pa Mama, pale ukingo wa gauni unapogusa sakafu. Zipu akawa wa Profesa. Hakuna aliyepanga hivyo. Walipendana wenyewe, na walifanana tabia.

Walipofikisha miezi miwili, nyumba ilikuwa haikaliki. Kiatu cha Baba cha kulia kilipatikana ndani ya ndoo ya maji, na cha kushoto hakijapatikana hadi leo. Zipu aliubeba mkono wa koti la mwalimu mkuu, ambao Mama alikuwa ameubandua ili aushone upya, akatoka nao barabarani. Nilimkimbiza hadi duka la kona huku watu wakinishangilia kama niko uwanjani. Mama alifoka, akaapa kuwagawa wote kabla ya jua kuzama. Saa hiyohiyo Pindo akaja akalala juu ya mguu wake wa kulia, na Mama akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja ili asimwamshe.

Shida ilikuwa kuwatofautisha Zipu na Pindo. Mama alinikatia tepe mbili, nyekundu ya Zipu na ya kijani ya Pindo, ziwe mikanda ya shingoni.

“Uzishone kwa mishono mifupi, uikaze,” aliniambia. “Hawa wana meno.”

Mishono mifupi inataka subira. Mimi nilizipiga bandi tu, mishono mirefu ya muda, ile ambayo fundi huipiga ili nguo ikae mwilini wakati wa kupima, halafu huivuta ikatoka kwa mkono mmoja. Nilijiambia nitazishona vizuri Jumapili. Jumapili zikaja, zikapita.

Tepe zilipotoka, nazo zilitoka kila mara, nilikuwa na njia yangu. Nilirusha kipande cha kitambaa. Aliyekirukia ni Zipu. Aliyebaki akikitazama kama mtu anayesoma tangazo ni Pindo. Basi nilipiga bandi tena, mambo yakaisha. Njia hiyo haikuwahi kuniangusha, na ilinivimbisha kichwa. Shuleni nilimtambia mwenzangu wa dawati moja, msichana tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

“Nifunge macho,” nilimwambia, “unipe mmoja mkononi, nikutajie jina lake.”

“Acha maneno yako,” alisema Redio. “Tutaona.”

Watoto wa Askari walipotimiza miezi mitatu, gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ilikuwa ya bure, Jumamosi, kwenye ukumbi wa mtaa, kwa mbwa wote na paka wote. Siku hiyo Mama alikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

“Fundi Mdogo,” aliniita, kama wateja walivyozoea kuniita, “nenda nao wewe. Askari kwa kamba, watoto kwenye tenga. Usinirudishie hata mmoja ambaye hajachomwa.”

“Sawa, Mama.”

Ukumbini kelele zilikuwa za kuziba masikio. Mbwa walibweka, watoto walipiga mayowe, na mzee mmoja alisimama kwenye foleni na paka begani, yule paka akiwatazama mbwa wote kwa dharau. Daktari wa mifugo alikuwa mama mrefu mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha ng'ombe. Alichoma sindano mwenyewe na kuandika kadi mwenyewe.

Askari akachomwa, akamlamba daktari mkono. Kiraka akachomwa, akalia kidogo. Nilipofunua tenga kuwatoa waliobaki, moyo ulinishtuka. Tepe zote mbili zilikuwa chini ya tenga, zimelowa, zimetafunwa.

Mmoja alitangulia kutoa kichwa. Nikamshika.

“Jina?” aliuliza daktari.

“Zipu,” nilisema, kwa kuwa Zipu alipenda kutangulia.

Sindano ilipoingia, alijinyonga, akachomoka mikononi mwangu, akaingia chini ya meza. Mwenzake naye akaruka kutoka kwenye tenga, akamfuata. Wakakimbizana katikati ya miguu ya watu, wakapita kwenye dimbwi la maji yaliyomwagika, wakatoka wamelowa wote wawili. Nilitambaa sakafuni kama mtoto mchanga. Mmoja nilimkamata mimi. Wa pili alidakwa na mzee wa paka.

Nilimweka wa kwangu mezani. Daktari alimtazama, akanitazama.

“Huyu si ndiye niliyemchoma sasa hivi?”

Nilimwangalia yule mtoto wa mbwa. Alikuwa anatetemeka, masikio yamelala, mkia ameuficha. Nikamwangalia aliyeshikwa na yule mzee. Naye alikuwa vilevile. Hofu ilikuwa imewafanya kitu kimoja. Ningerusha vitambaa hadi jioni, hakuna ambaye angevirukia. Sikujua nimemshika yupi. Huo ndio uliokuwa ukweli wote, na ulitosha kusemwa kwa neno moja.

“Haya, mtaalamu,” ilisema sauti nyuma yangu. Alikuwa Redio, ameshika kamba ya mbwa mzee wa bibi yake. “Si ulisema hata ukifungwa macho?”

Watu wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto.

“Huyu ni Pindo,” nilimwambia daktari. “Nawajua wote.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Akachoma. Akaandika kwenye kadi.

Tukaanza kurudi nyumbani. Kwenye duka la kona nilisimama. Daktari alikuwa amesema atakaa ukumbini hadi saa kumi, na hata saa sita ilikuwa haijafika. Ningeweza kurudi. Lakini kurudi kulikuwa kurudi mbele ya Redio, na mbele ya mzee wa paka, na mbele ya foleni nzima. Nikajiambia kwamba bila shaka nilimkamata aliye sahihi. Ilikuwa nusu kwa nusu, na nusu niliiona kubwa.

Mama aliisoma kadi kwa sauti. “Askari, Kiraka, Zipu, Pindo. Wote wanne. Umefanya kazi nzuri, mwanangu.” Akaibana ukutani kwa pini, juu ya cherehani.

Mwanzoni niliiangalia ile kadi kila nilipofagia. Baadaye niliizoea, kama mtu anavyouzoea mlango unaolia kila ukifunguliwa. Miezi miwili ikapita.

Ulikuwa mchana wa kawaida. Nilikuwa nimetoka shule, Mama anapiga pasi, Profesa yuko uani anawafundisha mbwa kuhesabu. Mbwa mgeni wa rangi ya majivu aliingia kupitia lango lililokuwa wazi. Hakubweka. Alipepesuka kama mlevi, taya limelegea, mate yakimchuruzika hadi chini, na aliuma kila alichokikuta: mguu wa benchi, ndoo, hata hewa. Askari, ambaye hatukuwahi kumsikia akimfokea mtu, alibweka hadi sauti ikamkauka.

Zipu alidhani ni mchezo. Alimkimbilia yule mgeni mkia juu, akaumwa begani.

Nilipiga kelele. Mama alitoka mbio na fimbo yake ya kupimia vitambaa, majirani wakaja na miti, na yule mbwa akatolewa nje hadi barabarani, ambako wanaume walimzingira wakamuua. Profesa hakuyaona hayo. Alikuwa amekaa chini, amemkumbatia Zipu, na mikono yake ilikuwa imelowa damu na mate. Jana yake alikuwa ameanguka akachubuka kidole, na mchubuko ulikuwa bado mbichi.

“Mwachie!” Mama alipaza sauti. “Usijiguse uso! Njoo hapa!”

Alimburuta hadi bombani, akafungua maji yote, akaanza kumsugua mikono kwa sabuni. Aliniamuru nitazame saa ya ukutani. Dakika tano zilipopita, Profesa aliuliza kwa nini hawajamaliza.

“Ni kumi na tano,” alisema Mama, wala hakuacha kusugua.

Kisha akampeleka hospitali moja kwa moja, akiwa bado amevaa aproni yenye pini kifuani. Profesa alichomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, na wakaambiwa nyingine zitafuata hadi wiki ya pili. Zipu tulikuwa tumemfungia stoo, pale Mama anapoweka cherehani mbovu. Alilia mlangoni, kisha akanyamaza.

Kesho yake asubuhi, Baba akiwa amekwisha kurudi kutoka kazini, daktari wa mifugo alifika. Alikuwa yuleyule, na viatu vyake vya mpira. Nilimwamkia kwa sauti ndogo.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, mwanangu.” Hakunikumbuka. “Yule mbwa tumempeleka kupimwa, lakini dalili zote ni za kichaa cha mbwa. Nionyesheni kadi.”

Mama aliitoa ukutani, akampa. Daktari aliipitia kwa kidole, uso wake ukalainika.

“Bahati yenu ni karatasi hii. Mbwa aliyechanjwa akiumwa, tunamchoma tena, tunamfungia peke yake kwa wiki kadhaa na kumwangalia. Huyu Zipu wenu ana nafasi nzuri.”

“Kwa hiyo nitacheza naye tena?” aliuliza Profesa.

“Utacheza naye. Ila uwe na subira.”

“Na kama hakuchanjwa?” Profesa hakuwahi kuacha swali likae peke yake.

Daktari alimtazama Mama kwanza, kisha akajibu. “Huyo hatuwezi kumwacha, mwanangu. Ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa, si kwa mbwa, si kwa mtu. Anaweza kukaa miezi anacheza vizuri, halafu siku moja amuume mtu wa nyumbani. Kwa hiyo tunamchoma sindano ya kumlaza, haamki tena.”

Nilikuwa nimesimama na ufagio mkononi. Sikuweza kufagia wala kuuweka chini. Nikinyamaza, Zipu anaishi. Labda alichomwa. Labda alichomwa mara mbili. Na labda hakuchomwa hata mara moja, na Profesa atarudi kulala naye mkekani, uso kwa uso, akimsimulia habari zake. Ilikuwa ileile nusu kwa nusu. Siku ile ukumbini niliiona kubwa. Sasa, nikimtazama mdogo wangu na kidole chake kilichofungwa bandeji, niliiona ndogo mno.

“Daktari,” nilisema, “sijui kama Zipu alichomwa.”

Daktari aliinua kidole kutoka kwenye kadi.

“Unasema nini wewe?” aliuliza Baba.

Nikasema yote. Nilisema kuhusu bandi nilizopiga kwa uvivu, tepe chini ya tenga, dimbwi la maji, na jinsi nilivyomshika mmoja nisimjue. Nilisema kwamba Daktari aliniuliza kama nina hakika nami nikajibu ndiyo. Machozi yalikuwa yananitoka lakini niliendelea kusema, kwa kuwa nilijua nikikatiza sitaanza tena. Daktari alivuta kiti cha wateja, akakaa. Alivua miwani.

“Huwezi kumpima ukajua?” nilimuuliza.

“Hapa hatuna kipimo cha kunipa hakika hiyo leo. Na siwezi kuubahatisha uhai wa mdogo wako.”

“Na kama ningesema siku ile?”

Aliirudisha miwani machoni. “Ningewachoma wote wawili tena. Sindano ya pili haimdhuru mbwa. Ingenichukua dakika moja.”

Hakunikemea. Ingekuwa afadhali angenikemea.

Mama alimchukua Profesa kwa mkono, akampeleka kwa jirani. Baba, daktari na mimi tukaingia stoo. Daktari alivaa glavu nene, akachutama. Zipu alikuwa amejibana chini ya cherehani mbovu, nyuma kabisa, na alipoona zile glavu alinguruma.

“Sitaki kumtoa kwa nguvu, ataogopa bure,” alisema daktari. “Anaitika jina lake?”

“Anaitika,” alisema Baba. “Zipu! Zipu, njoo.”

Zipu hakusogea. Sauti ya Baba aliijua kama sauti ya kugombezwa kwa viatu vilivyopotea.

“Mwite wewe,” daktari aliniambia taratibu.

“Siwezi.”

“Basi. Nitatafuta njia nyingine.”

Nilimwona akitoa kitanzi cha waya chenye mpini mrefu. Nilimwona Zipu akijibana zaidi, meno nje, macho yakizunguka. Sikutaka aondoke duniani hivyo. Nikapiga magoti.

“Zipu,” niliita. “Zipu wetu. Njoo.”

Akatoka. Alitoka mara moja, akitikisa mkia hadi kiuno chote kikatikisika, mdomo wazi kama kawaida yake, akaja kwangu bila kusita. Daktari alimshika kwa ustadi, akamfunga mdomo kwa kitambaa. Sikuruhusiwa kumgusa.

“Endelea kumsemesha,” daktari alisema.

Nikaendelea kulitaja jina lake. Alinitazama wakati wote. Kisha kichwa kikawa kizito, kama mtoto anayepitiwa na usingizi mezani, na hakunitazama tena. Nilitoka nje, nikakaa chini, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Baba alichimba shimo refu nyuma ya nyumba, kama daktari alivyoagiza. Askari, Kiraka na Pindo wakachomwa upya. Nilimshika Pindo mwenyewe.

Mama na Profesa walipokuwa bado kwa jirani, Baba alinawa mikono, akaja akakaa karibu nami.

“Tutamwambia Profesa kwamba Zipu kapelekwa mbali, kwa rafiki yangu mwenye shamba,” alisema. “Bado mdogo yule. Tusimuumize.”

Nilijua anasema hivyo kwa huruma. Huruma hiyo ilikuwa ya Profesa na yangu pia, kwa kuwa ingeniepusha kumweleza nililofanya.

“Hapana, Baba. Nitamwambia mimi.”

Nilimwambia tukiwa tumekaa kitandani kwake. Nilimwambia kwamba Zipu amekufa, na namna alivyokufa.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hatukujua kama alichanjwa.”

“Kwa nini hamkujua?”

“Mimi ndiye sikujua. Niliwachanganya.”

“Mbona ulisema unawajua?”

“Niliogopa kuchekwa.”

Alinitazama. Nilingoja swali lingine, maana Profesa hakuwahi kuishia la tatu. Halikuja. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka hadi kichwani, na shuka ikawa inatikisika.

Hakunisemesha siku nyingi. Asubuhi alimpelekea Mama viatu vyake afungwe kamba, kazi iliyokuwa yangu. Nikimwita, alijifanya hasikii. Jibu la kipimo lilirudi: yule mbwa mgeni alikuwa na kichaa cha mbwa, pasipo shaka. Baba alilisoma jibu hilo, akaniwekea mkono begani, kisha akaenda zake kulala. Pindo alizunguka nyumba nzima akinusa, akaingia stoo, akatoka, akaingia tena. Hilo nalo nililitazama, kwa kuwa sikuona kwamba nina haki ya kugeuza uso.

Siku ya sindano ya mwisho ya Profesa, Mama alitaka twende wote watatu. Benchi la hospitali lilikuwa limejaa, watu wamesimama hadi kwenye korido, na mbele yetu alikaa mama wa mwanafunzi mmoja wa darasani kwetu, mwenye mdomo mwepesi kushinda Redio. Muuguzi alikuwa kijana mcheshi. Alimketisha Profesa juu ya meza, mlango wazi.

“Shujaa wangu,” alisema, “leo tunamaliza. Hebu waambie wenzako waliokaa huko nje, kwa nini unachomwa sindano zote hizi?”

“Kwa sababu niliguswa na mate ya mbwa mwenye kichaa,” Profesa alijibu, kwa ile sauti yake ya kufundisha. “Na Zipu amekufa kwa sababu Dada hakusema kwamba hajui.”

Vichwa viligeuka kunitafuta. Yule mama mwenye mdomo mwepesi alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. Nilimwangalia Mama, nikidhani atamnyamazisha Profesa au atabadilisha mazungumzo. Mama alipakata mkoba wake, akaningoja.

“Ni kweli?” muuguzi aliniuliza, sasa bila mzaha.

“Ni kweli, Kaka,” nilisema. “Daktari aliniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika, nikamwambia ninayo.”

Nilisema kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye korido aliisikia. Mtu mmoja aliguna. Mtoto fulani akacheka, akanyamazishwa. Basi. Hakikutokea kingine. Muuguzi aliinua sindano, na Profesa, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amemshika Mama mkono wakati wa kuchomwa, alininyooshea mimi mkono wake. Nikaushika. Aliubana mkono wangu hadi sindano ikatoka.

Tulirudi kwa miguu. Profesa alitangulia, akihesabu hatua zake. Mama alitembea pembeni yangu.

“Ile aibu ya leo,” alianza mwishowe, “ndiyo uliyoikimbia siku ya chanjo. Umeiona ukubwa wake?”

“Nimeiona, Mama.”

“Ikoje?”

Nilifikiri. “Ni ndogo.”

“Ndogo sana. Masikio yanawaka, watu wanacheka, halafu wanaenda kwao kupika. Zipu alikuwa mkubwa kuliko hiyo. Mdogo wako naye ni mkubwa kuliko hiyo. Mtu akikuuliza una hakika, nawe huna, sema huna, hata kama mbele yako wamekaa watu mia. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kumwacha mwenzako asimame juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe unajua hakijashonwa.”

“Nisamehe, Mama.”

“Nilikusamehe uliposema mbele ya daktari. Ulijua utampoteza, na ulisema.”

Nililia njia nzima hadi nyumbani, na Mama hakuniambia ninyamaze.